Kupiga Picha za Kila Siku kwa Kamera ya Renjifainda ya Kidijitali

Mtu anayeshika kamera ya renjifainda kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba, akichungulia dirishani, kila kitu kinaonekana vizuri, cha karibu na cha mbali, hata kama lenzi bado imefunikwa. Sababu ni kwamba dirisha hilo halipitii kwenye lenzi. Liko kwenye kona ya juu ya kamera, na sentimita chache kutoka hapo kuna dirisha la pili, dogo zaidi, ambalo taswira yake huletwa kwa vioo na prizimu hadi katikati ya lile la kwanza, ikaonekana kama kiraka cha mwanga. Unapozungusha pete ya lenzi, lenzi husukuma kijimkono kilichomo ndani ya kamera, na taswira iliyo ndani ya kiraka husogea pembeni. Taswira mbili zinapolaliana zikawa moja, kitu unachokitazama kiko kwenye fokasi, yaani kitatoka wazi bila ukungu. Kamera haifanyi lolote kwa niaba yako hapo, na ndiyo maana anayetaka kuifurahia kila siku hana budi kufanya kazi kubwa kabla ya kuinua kamera, ili jicho libaki na kazi moja tu ya kutazama.

Kamera ya kwanza ya aina hii yenye sensa ya kidijitali, yaani kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, ilikuwa Epson R-D1 ya mwaka 2004, ikafuatiwa na Leica M8 mwaka 2006 na M9 mwaka 2009, ambayo sensa yake ilifikia ukubwa kamili wa fremu ya filamu, yaani milimita 24 kwa 36. Historia hiyo fupi ina maana unapochagua lenzi, kwa kuwa sensa ndogo hukata kingo za taswira: kwenye R-D1, lenzi ya milimita 35 huona kama ya takriban 53, kwenye M8 kama ya takriban 47, na kwenye M9 na zilizoifuata hubaki 35. Kwa matembezi ya kawaida ningeshauri lenzi moja inayoona kama milimita 35 au 50, na uiache kwenye kamera kwa miezi kadhaa. Kubadilisha lenzi mara kwa mara huingiza vumbi kwenye sensa, lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba mkono haupati muda wa kuizoea pete.

Kuizoea pete ndiko kunakostahili muda wako mwingi. Jiwekee kanuni kwamba baada ya kila picha unairudisha pete mahali palepale, kwa mfano kwenye mita 3, ili siku zote ujue uizungushie upande gani mtu anaposogea karibu. Lenzi nyingi za aina hii zina ulimi mdogo wa kushikia kwa kidole. Baada ya wiki chache kidole kitajua umbali kwa mkao wa ulimi huo, bila wewe kutazama namba. Zoezi zuri ni kukadiria umbali wa mlango, mti au kiti, kuupanga kwenye lenzi, kisha kuchungulia kwenye kiraka uone kama taswira zimelaliana. Kamera yenyewe ni kipimo cha umbali, kwa hiyo itakusahihisha papo hapo, na zoezi hilo halihitaji hata kupiga picha.

Ukishaweza kukadiria, mchana wenye mwanga wa kutosha hutahitaji kiraka mara nyingi. Lenzi ya milimita 35 kwenye sensa ya fremu kamili, ikiwekwa f/8 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na umbali wa mita 3, huonyesha vizuri vitu vilivyo kati ya mita 2 na mita 7 hivi. Ukifunga hadi f/11, eneo hilo huanza karibu na mita 1.7 na kufika mita 15. Mtu akiingia ndani ya eneo hilo, unainua kamera na kubonyeza, basi. Namba hizi zimetokana na kipimo cha zamani cha filamu, nami nikiwa na sensa yenye megapikseli nyingi hufunga lenzi hatua moja zaidi ya zile alama za eneo la fokasi zilizochorwa juu yake.

Jioni au ndani ya nyumba mambo hugeuka. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.4, ikilenga uso ulio mita moja mbele, hubakiza unene wa sentimita 3 hivi tu ulio kwenye fokasi, na hapo kiraka hakikwepeki. Kwa kuwa taswira ya kiraka husogea kushoto na kulia, tafuta mstari uliosimama wima, kama ukingo wa kola, pembe ya fremu ya miwani au mwimo wa mlango. Kama mistari yote imelala, isimamishe kamera wima kwanza, weka fokasi, kisha uirudishe. Usicheleweshe kubonyeza baada ya hapo, maana wewe na unayempiga picha nyote mnayumba kidogo kidogo.

Kuhusu mwanga sina mengi. Weka kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, kwenye A ili kamera iichague, ruhusu ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, ijipange yenyewe, na uipe kamera kikomo cha chini cha 1/250 ya sekunde kwa watu wanaotembea; tena nyingi ya kamera hizi hazina kituliza-mtikisiko. Kipimo cha mwanga huegemea zaidi katikati, hivyo anga jeupe hukipotosha. Elekeza kamera chini kidogo, bonyeza kitufe nusu ili kushikilia kipimo, kisha rudi kwenye picha yako. Sehemu zilizoungua kwa mwanga hazirudi, lakini vivuli vya faili ghafi (RAW) huinuliwa baadaye kwenye kompyuta.

Ndani ya dirisha utaona mistari ya fremu, na nje ya mistari hiyo utaona vitu ambavyo bado havijaingia kwenye picha. Kwangu hii ndiyo raha kuu ya kamera hii: unamwona mwendesha baiskeli akija kabla hajaifikia fremu, na unachagua wakati. Kumbuka tu kwamba mistari hukadiria. Kwa vitu vya mbali picha hupata zaidi kidogo ya ilivyoonyesha. Zima pia skrini isionyeshe picha kila baada ya kubonyeza, kwani mwendesha baiskeli wa pili hupita ukiwa umeinamia wa kwanza. Zipo hata kamera zisizo na skrini kabisa, kama Leica M10-D ya mwaka 2018, na sioni kwamba ni wazimu.

Nirudi kwenye kifuniko cha lenzi. Nimewahi kutembea asubuhi nzima nikiwa nimezima skrini, nikapata picha kumi na mbili nyeusi tititi. Dalili ilikuwepo sikuisikia: kwenye A, kamera isiyoona mwanga huacha shata wazi muda mrefu, na mlio wake hukatika vipande viwili. Sasa kifuniko hubaki nyumbani, na lenzi huvaa kikinga-mwanga cha chuma.

Mwisho, kamera ikigongwa, kijimkono cha ndani kinaweza kuhama. Peleka pete kwenye alama ya umbali usio na mwisho, utazame mnara wa mbali au mwezi. Taswira mbili zisipolaliana kabisa, ipeleke kwa fundi wa kamera kabla ya kuilaumu lenzi. Na kwa maua au wadudu, beba kamera nyingine, kwani kiraka cha nyingi ya hizi hakifanyi kazi chini ya sentimita 70.