Somo: Kumfundisha muuguzi wa wodi ya watoto kutafuta maji ya kifuani kwa ultrasaundi

Nimekwenda Malawi mara mbili kufundisha kipimo hiki. Safari ya kwanza nilibeba slaidi themanini: moyo, tumbo, mapafu, mpaka nyonga. Niliporudi baada ya miezi minne, mashine ilikuwa kabatini na ufunguo alikuwa nao mtu aliye likizo. Jina la hospitali silitaji, na kosa kubwa lilikuwa langu. Safari ya pili nilifundisha swali moja tu: kifuani, kandokando ya pafu, kuna maji au hakuna?

1. Lugha. Kwa Kichewa, lugha ya Malawi, nimonia huitwa chibayo, maji ni madzi. Ukisema "madzi" huku unaonyesha skrini, hata mama wa mtoto anaelewa.

2. Mtoto abaki mapajani kwa mama. Anayenyonya aendelee. Jeli ya kupaka ngozini ipashe joto kiganjani kwanza.

3. Anza na ini. Probu (kile kishikio cha mashine kinachogusa ngozi) yenye uso bapa kwa mdogo, yenye uso wa mviringo kwa mkubwa. Iweke ubavuni kulia, usawa wa nyuma ya kwapa, alama ya probu ielekee kichwani. Tafuta ini; juu yake kuna diaframu, msuli unaotenga kifua na tumbo: ule mstari mweupe unaocheza na pumzi. Kifua kikiwa kizima, pafu lenye hewa hushuka kama pazia na kuficha kila kitu, na uti wa mgongo unakatikia kwenye diaframu. Penye maji utaona weusi juu ya diaframu, na uti wa mgongo unaendelea kuonekana kupanda juu. Hapa tulikaa siku mbili nzima, na sijutii. Kushoto ni vilevile, ila unaanza na wengu, na tumbo lililojaa hewa litakuzonga.

4. Mikono yako nyuma. Ukimnyang'anya muuguzi probu hata mara moja, ataisubiri mikono yako kila siku.

5. Andika daftarini: maji, hakuna, au sijui. "Sijui" ni jibu halali.

Mtoto anayehangaika kupumua apewe oksijeni kwanza. Dawa nazo hazisubiri picha.

MASWALI

*Shikamoo daktari. Jeli ikiisha tufanyeje?*
Marahaba. Kijiko kimoja cha wanga wa mahindi kwa vijiko kumi vya maji, koroga motoni mpaka ishikane, iache ipoe. Pika ya siku hiyo tu, inachacha. Penye kidonda au kwa kichanga usiitumie. Hao wanahitaji jeli tasa, isiyo na vijidudu.

*Muuguzi apime watoto wangapi ndipo aachwe peke yake?*
ACEP, chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, hutaja 25 hadi 50 kwa kila aina ya kipimo. Mimi nilikubali 25, mradi watano wawe na maji kweli. Vifua vizima ishirini na tano havimfundishi mtu kitu.

*Nikiona weusi nichome sindano?*
Hapana, ndugu yangu. Muite daktari. Weusi wenye nyuzinyuzi ndani waweza kuwa usaha, na huenda ukahitaji mpira wa kifuani wa kuutoa. Kwa nchi zetu kumbuka na kifua kikuu.

*Probu tusafishe kwa spiriti?*
Soma kitabu cha mashine kwanza. Probu nyingi uso wake huharibiwa na spiriti. Jeli ifutwe yote kabla ya dawa yoyote.

*Na ufunguo safari hii anao nani?*
Hakuna ufunguo. Mashine iko kwenye toroli, imefungwa mnyororo kwenye meza ya wauguzi.