Sisimizi 20 kutoka Magomeni hadi Posta

Kabla hujawasha kompyuta, chukua daftari la hesabu. Ndivyo ninavyoanza na kila kijana anayetaka gari lijichagulie njia lenyewe. Hesabu za sisimizi, yaani mbinu ya kompyuta inayoiga sisimizi wanavyotafuta njia, zinaenea ukurasa mmoja. Marco Dorigo alizieleza katika tasnifu yake ya udaktari, Milan, mwaka 1992: sisimizi akipita huacha harufu, wenzake huifuata, na njia fupi huzidi kunukia.

Chora Magomeni na Posta, Dar es Salaam. Njia moja inapita Jangwani, tuseme dakika 20. Nyingine inazungukia Kinondoni na Salenda, dakika 40. Kila njia ipe harufu 1. Ili kupata mvuto, gawa harufu kwa dakika zilizozidishwa kwa zenyewe: 1 kwa 400, na 1 kwa 1,600. Jangwani inavuta mara nne, kwa hiyo kati ya sisimizi 20, 16 watapita huko.

Sasa futa nusu ya harufu kila upande, ibaki 0.5. Kisha kila sisimizi aongeze 1 gawanya kwa dakika zake: Jangwani 0.8, Kinondoni 0.1. Umepata 1.3 na 0.6. Raundi ya pili, 18 wanapita Jangwani.

Hapo wengi hufunga daftari wakishangilia. Ngoja mvua inyeshe! Jangwani ikijaa maji, zile dakika 20 zigeuze 200. Programu yangu ya kwanza ilifuta asilimia 5 tu. Niliona uchungu kupoteza harufu iliyokwisha kukusanywa. Gari la kwenye skrini likang'ang'ania majini raundi baada ya raundi, maana Kinondoni harufu ilikuwa imekauka kabisa na hakuna sisimizi wa kwenda kuijaribu. Kwa hiyo futa nusu, na usiruhusu njia yoyote ishuke chini ya 0.1. Mafuriko yakija wakati harufu ya Jangwani imefika 2 na ya Kinondoni ni 0.1, sisimizi 11 kati ya 20 watazungukia Kinondoni tangu raundi ya kwanza.

Kwa njia mbili, kusema kweli, sisimizi ni mbwembwe; mbinu ya Dijkstra ya mwaka 1959, ya kutafuta njia fupi kuliko zote, inatosha. Waite gari likiwa na mizigo ya vituo 15 na hujui uanzie kipi, maana mipangilio yake inapita trilioni moja. Na mtoto anayekatiza barabara ghafla si kazi ya sisimizi. Hiyo ni ya kamera na breki.