Gitaa la umeme la bei nafuu: namna ya kulikagua dukani kabla hujatoa pesa

Gitaa la bei nafuu halikosi kasoro. Kazi yako ni kujua kasoro ipi inaondoka kwa bisibisi na ipi imezaliwa na gitaa. Shingo iliyojinyonga, daraja (kile chuma cha mwilini ambapo nyuzi huegemea) lililofungwa pasipo pake na freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) zinazopanda na kushuka ni za kuacha dukani, kwa sababu kuzitengeneza kunaweza kula pesa kuliko gitaa lenyewe. Nyuzi zenye kutu, nobu inayokwaruza ukiizungusha na nyuzi zilizo juu mno ni za kupunguzia bei. Ndiyo maana ukaguzi huu unaanza na shingo, unafuata umeme, na rangi inakuja mwisho kabisa.

Vya kubeba

Simu yenye programu ya tyuna (ya kupima kama uzi uko kwenye sauti yake sahihi, yaani kwenye tyuni), rula ya chuma yenye milimita, tochi ndogo, karatasi chache za A4, kadi ya benki iliyokwisha muda, kebo yako mwenyewe na spana za aleni (mm 1.5 na mm 4 ndizo zinazohitajika zaidi). Ukiweza, beba seti mpya ya nyuzi namba .010 hadi .046 (ni unene wake kwa inchi). Nyuzi zilizokaa dukani miezi kadhaa katika unyevu wa Kampala haziwezi kukupa jibu la kweli kuhusu tyuni, na muuzaji anaijua njia hiyo ya kutokea: kila kasoro utakayotaja, jibu ni "nyuzi tu hizo, ssebo (bwana)". Ukifunga nyuzi mpya mbele yake, jibu hilo limekwisha.

Hatua ya 1: Soma kichwa, ila usikiamini

Squier ni jina la magitaa ya bei nafuu ya Fender, na Epiphone ni la Gibson. Hayo mawili, pamoja na Yamaha Pacifica na Ibanez za mfululizo wa GIO, yana viwango vinavyotabirika. Jina Gibson kwenye gitaa la bei ya Epiphone ni bandia, maana Gibson zenyewe hutengenezwa Marekani na bei yake haijifichi. Angalia kifuniko kidogo kilicho kichwani juu ya tundu la fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo: cha Gibson halisi kina skrubu mbili, bandia nyingi zina tatu. Gitaa bandia linaweza kupigika vizuri, lakini lilipe kama gitaa lisilo na jina.

Hatua ya 2: Shingo

Shika gitaa kama bunduki, sehemu ya daraja karibu na jicho, utazame kuelekea kichwani. Fuata ukingo mmoja wa shingo, kisha wa pili. Kingo zote mbili zikijikunja kwa pamoja, hilo linarekebishika. Ukingo mmoja ukinyooka na mwingine ukipinda, shingo imejinyonga. Rudisha gitaa ukutani, hata kama linapunguzwa bei mara tatu.

Sasa pima mkunjo. Bana uzi wa 6 (ule mnene) kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi huo sasa ni rula yako. Mwambie mwenzako aingize karatasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Karatasi ya kawaida ya A4 ina unene wa takriban mm 0.1, na shingo nzuri inapokea mbili au tatu. Uzi ukilala juu ya freti bila nafasi, shingo imenyooka kupita kiasi au imebinuka nyuma. Zikiingia sita au saba, imejikunja mbele.

Mkunjo peke yake si sababu ya kulikataa gitaa. Unakuwa sababu pale fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inapokuwa imekufa. Omba fundi wa duka aizungushe robo mzunguko mbele yako. Kukaza, yaani kuzungusha kama saa, hunyoosha shingo iliyojikunja mbele, na kulegeza huiachia. Pima tena. Karatasi zikiongezeka au kupungua, fimbo inafanya kazi. Spana ikizunguka bure bila kushika, au fimbo ikiwa imekazwa hadi mwisho na shingo bado imejikunja, hakuna dawa ya bei rahisi.

Hatua ya 3: Daraja liko mahali pake?

Hatua hii haichukui dakika mbili, nayo ndiyo inayorukwa na wanunuzi wengi. Pima kuanzia kizingiti (kile kipande cheupe au cheusi chenye mifereji ambamo nyuzi hupita kwenda kichwani) hadi katikati ya chuma cha freti ya 12. Kwa gitaa la umbo la Stratocaster utapata takriban mm 324, kwa la umbo la Les Paul karibu mm 314. Kisha pima kutoka freti ya 12 hadi mahali uzi wa 1 (ule mwembamba) unapoegemea kwenye daraja. Vipimo viwili vinatakiwa kuwa karibu sawa, cha daraja kikizidi kwa milimita moja hivi. Kwa uzi wa 6 kinazidi kwa milimita mbili hadi nne.

Tofauti ikiwa kubwa zaidi, angalia vile vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi. Vikiwa na nafasi ya kusogea, sawa. Vikiwa vimefika mwisho wa skrubu zake na bado kipimo kimekataa, kiwanda kilitoboa matundu pasipo pake, na gitaa hilo halitakaa kwenye tyuni hata ulifunge nyuzi za dhahabu.

Papo hapo tazama nyuzi mbili za pembeni kando ya shingo yote. Uzi wa 1 ukikaribia kuanguka ukingoni huku wa 6 ukiwa na nafasi tele, shingo imekaa upande. Ikiwa imefungwa kwa skrubu nne nyuma, fundi huzilegeza kidogo, huisukuma shingo irudi katikati, kisha hukaza. Ikiwa imegundishwa, huna la kufanya.

Hatua ya 4: Freti, moja baada ya nyingine

Hapa usiwe na haraka. Nyuzi sita kwa freti 22 ni noti 132. Zipige zote, amplifaya ikiwa imezimwa, kwa nguvu ileile. Unasikiliza mambo mawili: mlio wa "dzzz" na noti inayokufa mapema kuliko jirani zake. Ukiusikia mlio huo kwenye freti nyingi za chini, huenda ni mkunjo wa shingo au nyuzi zilizoshushwa mno. Ukiusikia mahali pamoja tu, tafuta freti iliyoinuka mbele ya kidole chako, si ile unayoibana.

Ili kuipata, tumia kadi ya benki. Isimamishe kwa ukingo wake katikati ya nyuzi mbili, ikanyage freti tatu kwa pamoja, halafu ibonyeze huku na huku. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, freti ya katikati imeinuka. Upande mrefu (mm 85) unatosha kwa freti tatu za mwanzo hadi ya 5. Kati ya freti ya 4 na ya 8 kata kadi ibaki mm 60. Upande mfupi (mm 54) unafaa kuanzia ya 7, na kuanzia ya 12 hadi ya 17 kata kipande cha mm 40, kisha juu ya hapo kipunguze zaidi. Kadi ikikanyaga freti nne, jibu lake ni la uongo.

Freti moja au mbili zilizoinuka si msiba: mara nyingine imechomoka kidogo tu, na fundi huibana na kuigundisha. Zikiwa sita zimetawanyika shingo nzima, zote zitataka kusawazishwa, na hiyo ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye vifaa.

Kwa anayepiga sebene, sehemu inayoamua ni kuanzia freti ya 10 kwenda juu. Soli (gitaa linaloongoza) ya mtindo wa Kikongo hupigwa kwa sauti safi, bila distosheni (mkwaruzo wa makusudi) ya kuficha uchafu, na vifungu vyake hurudiwa mzunguko baada ya mzunguko, hivyo noti moja mbovu itasikika kila ikifikiwa. Kwenye uzi wa 1 na wa 2, freti ya 12 hadi ya 17, vuta uzi pembeni hadi sauti ipande toni nzima (sawa na freti mbili). Sauti ikikatika kama mtu aliyekabwa koo, uzi unagusa freti iliyo mbele. Inua uzi kidogo kwenye daraja ujaribu tena. Ikiendelea, tatizo ni freti.

Maliza kwa kupitisha kiganja kando ya shingo, juu hadi chini. Mbao ikikauka husinyaa na chuma hakisinyai, hivyo ncha za freti hutokeza na kukwaruza mkono. Zinapigwa tupa nyembamba, zinakwisha.

Hatua ya 5: Kizingiti na urefu wa nyuzi

Bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, utazame freti ya 1. Panatakiwa nafasi ndogo sana, karatasi moja hivi. Nafasi ikiwa kubwa, kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za freti za mwanzo zitaumiza vidole na kutoka nje ya tyuni, kwa hiyo kwa mpigaji wa nyimbo za kuabudu anayeshinda kwenye freti tatu za kwanza hili ni kubwa kuliko mambo ya sebene. Mfereji ulio juu huchongwa. Ulio chini mno, unaofanya uzi ulie ukipigwa wazi, unataka kizingiti kipya, nacho hakigharimu sana.

Kisha freti ya 12: kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, mm 2 kwa uzi wa 6 na mm 1.5 kwa uzi wa 1 ni mahali pazuri. Vipande vya daraja vikiwa vimeshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko mm 4, pembe ya shingo ni mbaya.

Hatua ya 6: Tyuni

Weka nyuzi zote kwenye tyuni. Vuta kila uzi pembeni mara kumi, kisha pima tena. Uzi mpya utashuka mara ya kwanza na ya pili, huo ni mvutano wake tu. Ukiendelea kushuka, au ukisikia "tink" kichwani unapokaza, uzi unabanwa na mfereji wa kizingiti: sugua humo ncha ya penseli.

Linganisha noti ya kengele ya freti ya 12 (gusa uzi bila kubonyeza) na noti ya kubana palepale. Nusu-toni moja ina senti 100, na tofauti ya senti 5 inavumilika. Noti ya kubana ikiwa juu, kipande cha daraja kirudi nyuma. Ikiwa chini, kije mbele.

Daraja lenye mkono wa kutikisa sauti, katika bei hizi, ni chanzo cha maumivu ya kichwa. Lile la kufunga nyuzi kwa skrubu pande zote mbili usiliguse kabisa. Chagua daraja lisilotikisika.

Hatua ya 7: Umeme

Tumia kebo yako. Washa amplifaya, weka sauti safi, upitie kila nafasi ya swichi huku ukigonga kila pikapu (kile kidude cha sumaku chini ya nyuzi kinachochukua sauti) taratibu kwa bisibisi. Inayofanya kazi hutoa "tok" kubwa. Zungusha nobu zote: mkwaruzo ni vumbi, na dawa ya kusafishia swichi huondoa. Tikisa plagi kwenye jeki (tundu la kebo kwenye gitaa). Sauti ikikatika, kaza nati kwanza. Ikiendelea ni kulehemu tu.

Gusa nyuzi. Mngurumo ukipungua, waya wa ardhi umefungwa vizuri. Ukiongezeka, nyaya zimegeuzwa au ule wa kwenda darajani umekatika. Pikapu za koili moja hunguruma kwa asili yake, hasa karibu na taa za tyubu na jenereta, hivyo usilihukumu gitaa kwa hilo.

Mwenye mita ya fundi redio apime kwenye plagi ya kebo, nobu zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho. Pikapu ya koili moja husoma kilo-omu 5 hadi 7, ya koili mbili kwa kawaida 7 hadi 9, na nyingine hupita hapo. Swichi ikiwa kati ya pikapu mbili kipimo hushuka karibu nusu, hilo ni sawa. Mita isiposoma chochote, waya umekatika mahali.

Duka likikujaribishia kwa kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa, kama inavyofanyika makanisani, sauti itatoka butu. Mikisa inameza sauti za juu za gitaa lisilo na betri, kosa si la gitaa. Na ukiuziwa amplifaya iliyotumika, soma nyuma yake: ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu wa 240 bila transfoma, inaungua.

Hatua ya 8: Mbao, skrubu, na safari

Mulika tochi ndani ya tundu la nyuma. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Inapigika, ila skrubu zake hulegea mapema. Kishikio cha mkanda kinachochezacheza hutengenezwa kwa njiti mbili za kiberiti na gundi ya mbao. Nyufa za rangi hazina neno, isipokuwa mbili: ule unaotoka mahali shingo inapoingia ukazama kwenye mbao, na ule wa nyuma ya kichwa. Kichwa kilichoinama nyuma, cha umbo la Les Paul, ndicho kinachovunjika kirahisi zaidi.

Ukilibeba kwa bodaboda, begi laini liwe wima mgongoni, na ukumbuke kwamba kichwa cha gitaa kinapita chako: ukiinama kushuka, kinagonga cha kwanza kilicho mbele. Likinyeshewa njiani, litoe begini ukifika, ufute nyuzi na vyuma, na begi likauke peke yake.