Mtu wa Tanga na njia ya Machu Picchu: mambo ya kuzingatia kabla ya safari

Njia ya Inka ya kwenda Machu Picchu, mji wa kale wa mawe uliojengwa na watu wa Inka kule Peru, ina urefu wa kilomita 43 hivi, na kwa kawaida hutembewa kwa siku nne, usiku tatu mkilala kwenye mahema. Ukizitazama kilomita peke yake utaona si kitu. Mtu wa Pangani au Muheza anayeshinda njiani kwa miguu atauliza ugumu uko wapi. Ugumu uko kwenye kimo. Cusco, mji unaofikia kwanza, uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na upenyo wa kati ya milima ulio juu kabisa kwenye njia ile, Warmiwañusqa, uko mita 4,215. Sisi wa Ngamiani, Chumbageni na Raskazone tunaishi mita chache tu juu ya maji. Maandalizi yetu hayawezi kuwa sawa na ya mtu wa Njombe, sembuse ya Mzungu aliyezaliwa milimani. Haya nimeyaandika kwa ajili ya watu wa pwani.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndizo zinazochelewesha. Serikali ya Peru inaruhusu watu 500 tu kwa siku kuingia kwenye njia hiyo, na hesabu hiyo inajumuisha waongozaji, wapishi na wapagazi. Wageni wanaobaki ni kama 200. Huwezi kwenda peke yako; lazima upitie kampuni yenye leseni, na kibali huandikwa jina lako na namba ya pasipoti yako. Hakihamishwi kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kama pasipoti yako inakaribia kuisha, ifanye upya kwanza ndipo uombe kibali, usije ukafika langoni na namba mbili tofauti. Ulizia viza ya Peru kabla hujalipa senti ya tiketi, na uangalie ndege yako inapitia wapi: ukipitia Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu, Mtanzania anatakiwa kuwa na viza ya kupita.

Februari njia hufungwa kwa matengenezo. Kiangazi cha huko ni kuanzia Mei hadi Septemba, na vibali vya miezi hiyo huisha miezi mingi kabla. Juni na Julai mbingu huwa safi lakini usiku ni baridi ya kuuma mifupa, kwa hiyo kwa mtu wetu ningechagua Mei au Septemba. Vibali vikiisha, wakala atakupa njia nyingine, ya Salkantay, akikuambia kule hakuna foleni ya vibali. Ni kweli, ila upenyo wa Salkantay unapita mita 4,600, na magofu yaliyopangana kando ya Njia ya Inka huyapati. Usiichukue kana kwamba ndiyo njia rahisi zaidi.

Sasa afya, na hapa nawaomba ndugu zangu mtulie msome taratibu.

Mita 4,215 kila pumzi inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni. Mwili unaweza kuzoea, lakini unadai siku. Kichwa kinauma, chakula hakitamaniki, usingizi unakatika. Hayo ni ya kawaida na hupungua ukipumzika mahali pale pale bila kupanda zaidi. Yasiyo ya kawaida ni kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kikohozi kinachokoroma, kuyumba kama mlevi, au kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapo mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba, na tiba ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ugonjwa huu hauchagui. Kijana mwenye nguvu za kucheza mpira dakika tisini huanguka, na mama wa miaka hamsini anayekwenda mdogo mdogo akapita.

Kabla ya yote pima damu. Upungufu wa damu, ambao wengi wetu tunatembea nao bila kujua, huko juu utakutesa mara mbili. Kuna na jambo linalotuhusu sana watu wa pwani: selimundu (sikoseli). Mwenye ugonjwa wenyewe asiende, kimo kile ni hatari kwa maisha yake. Hata yule aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, ambaye hapa Tanga anaishi maisha yake yote bila dalili, huweza huko juu kupata maumivu makali ya wengu, upande wa kushoto chini ya mbavu. Orodha nyingi za wasafiri hazina neno kuhusu hili. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto aliyewahi kulazwa kwa selimundu, nenda hospitali ya Bombo ukapime ujijue, kisha umweleze daktari unakokwenda.

Halafu malaria. Unaweza kuumwa na mbu Tanga Jumapili na homa ikakupanda wiki ya pili ukiwa Cusco. Utasema ni kimo. Hata daktari wa kule, asiyekutana na malaria mjini mwake, anaweza kusema hivyo hivyo. Homa kali si dalili ya kawaida ya kimo. Mwambie mapema kuwa unatoka eneo la malaria na uombe kipimo. Mimi ningebeba dozi kamili ya dawa mseto kutoka nyumbani, pamoja na karatasi ya daktari inayoeleza ni ya nini.

Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea kimo, asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Haiuzwi kwa kukisia. Daktari ndiye akuandikie. Kama uliwahi kubabuka ngozi au kuvimba kwa SP au Septrin, usimfiche, kwani dawa hizo zote zina asili ya salfa. Na homa ya manjano: choma chanjo angalau siku kumi kabla ya kuondoka na utunze kadi. Peru imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na ukirudi nyumbani utaulizwa kadi mpakani.

Kuhusu mazoezi, tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Usambara iko hapo. Panda gari la Lushoto, teremka Soni, maliza kipande kilichobaki kwa miguu. Siku nyingine ingia msitu wa Magamba, au unganisha siku tatu nne mpaka Mtae ukilala njiani. Ila jambo muhimu kuliko kupanda ni kushuka. Njia ya Inka imejengwa kwa ngazi za mawe, maelfu kwa maelfu, nyingine za kina kirefu kinachofika gotini, na siku ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote, hushusha watu kwa saa nyingi. Magoti ndiyo yanayolia, si mapafu. Kutoka ukingo wa Irente kwenda chini tambarare ya Mombo kuna karibu mita 1,000 za mteremko. Ukiweza kushuka hapo ukiwa na mzigo wa kilo sita mgongoni, na kesho yake ukaamka ukatembea tena, miguu yako iko tayari.

Lakini Usambara itakupa miguu tu. Lushoto ni mita 1,400 hivi. Mwili hautambui hata kwamba umepanda. Anayetaka kujua damu yake inavyoipokea hewa nyepesi aende Kilimanjaro. Si lazima kileleni. Njia ya Marangu ina vibanda vya Mandara, mita 2,720, na Horombo, mita 3,720, na ukilala Horombo usiku mbili, ukapanda mchana mpaka kwenye miamba ya pundamilia karibu mita 4,000 na kurudi, umeonja sehemu kubwa ya utakayokutana nayo Peru. Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na basi la Moshi linaondoka Tanga kila siku. Ujue tu kwamba mazoea ya kimo hayakai mwilini. Wiki chache baada ya kurudi pwani yamekwisha. Faida ya Horombo ni kujijua.

Kwa hiyo kuzoea kwenyewe kutafanyika huko huko, na hapa ndipo watu hubana matumizi pasipofaa. Wanatua Cusco leo, keshokutwa wako njiani. Ongeza siku. Ukitua Cusco usilale huko. Shuka siku hiyo hiyo mpaka Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, lala usiku mbili, kisha rudi Cusco usiku mwingine mmoja au miwili ndipo uanze. Gharama ya vyumba hivyo ni ndogo ukilinganisha na kupoteza safari nzima siku ya pili, siku ambayo unatoka kijiji cha Wayllabamba kwenye mita 3,000 na kupanda mfululizo hadi 4,215 kabla ya kushuka tena kambini. Siku hiyo tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha.

Mavazi sitayaeleza sana. Pamba ikilowa jasho inakugandisha, kwa hiyo ya ndani yawe ya nyuzi zinazokauka haraka, juu yake sweta zito, na juu kabisa koti la mvua, maana hata kiangazi mawingu hushuka. Mitumba ina vitu bora kuliko maduka mengi, na Moshi begi zuri la kulalia hukodishwa. Buti zivaliwe miezi miwili kabla. Kata kucha za miguu usiku wa kuamkia safari. Mteremko huzing'oa zilizo ndefu. Fimbo za kutembelea ziwe na vifuniko vya mpira, kwa sababu ncha za chuma zinaharibu mawe na hazikubaliwi. Kanga moja au kikoi kitakufaa kwa kujifutia, kujistiri wakati wa kubadili nguo, na kufunika shingo alfajiri.

Wapishi wa njiani ni hodari, ila nyama yao haikuchinjwa unavyotaka wewe uliye Mwislamu. Andika wakati wa kulipia, si siku ya kuondoka, kwamba utakula samaki, mayai na mboga. Kimo hupunguza hamu ya kula, hivyo beba kitu ambacho ulimi wako haukatai: tende, korosho, kashata zilizofungwa vizuri. Matunda yasiyokaushwa usibebe, yatachukuliwa uwanja wa ndege. Kibla ukiwa Cusco ni mashariki ukielekea kidogo kaskazini. Mwongozaji akiambiwa mapema hupanga mapumziko, na swala za safari zinakusanywa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuona haya kuomba dakika kumi.

Wapagazi wa kule wengi ni Waquechua wa vijiji vya milimani, na kazi yao ni ile ile ya wagumu wetu wa Kilimanjaro. Sheria ya Peru inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi mwanamume. Kabla hujachagua kampuni uliza wanalipwa kiasi gani, wanalala wapi, na nani anapima mizigo. Kampuni inayojibu kwa kuzunguka, iache, hata ikiwa rahisi. Sisi tunaojua jinsi kijana wa Marangu anavyopanda na viatu vilivyochanika tuna wajibu zaidi ya mgeni mwingine yeyote wa kuuliza hilo. Weka pia akiba ya bahashishi kwa fedha za Peru, noti ndogo ndogo.

Nakushauri pia, kabla ya kuondoka, ushinde nusu siku kwenye magofu ya Tongoni. Msikiti ule na makaburi ya nguzo ni ya karne za 14 na 15. Machu Picchu nayo ilijengwa karne ya 15, enzi za Pachacuti, mfalme wa Wainka. Huku wazee wetu walikuwa wakiunganisha matumbawe kwa chokaa, kule mafundi walikuwa wakichonga mawe hadi yashikane bila chochote katikati. Ukiwa na Tongoni kichwani utayatazama magofu ya njiani, Patallacta, Sayacmarca na Wiñay Wayna, kwa jicho la mtu mwenye magofu yake. Utaelewa pia kwa nini hupaswi kukalia kuta wala kuokota kipande: vile vyombo vya Kichina vilivyopamba nguzo za Tongoni viliondolewa, na leo tunaonyesha watoto mashimo. Na ukisikia kwamba Mmarekani Hiram Bingham aligundua Machu Picchu mwaka 1911, kumbuka alikuta wakulima wakiishi pale na kulima kwenye matuta yake.

Siku ya mwisho mtafika Intipunku, lango linalotazama mji wenyewe, mara nyingi kukiwa na ukungu. Usipange treni ya mapema ya kurudi. Ukungu huweza kuchukua saa mbili kuinuka, na waliokata tiketi ya asubuhi huondoka bila kuona walichokifuata.

La mwisho ni mkoba wa kurudia. Huko Peru majani ya koka, mmea unaotoa kokeini, ni halali. Utapewa chai yake hotelini na wapagazi watayatafuna majani yenyewe njiani. Hapa nyumbani jani la koka ni dawa ya kulevya kisheria, hata likiwa ndani ya kipakiti cha chai kilichonunuliwa dukani kama zawadi. Kagua kila mfuko na kila koti kabla ya kuondoka Cusco, pamoja na yale uliyopewa bure mkononi ukayasahau.