Somo: Jinsi ya kucheza Papa's Pancakeria bila kuunguza pankeki za watu

Wakuu, mdogo wangu hapa nyumbani kila akicheza Papa's Pancakeria anaishia kupiga meza na kudai geimu ina hila. Haina hila. Tatizo lake ni moja: anamwaga rojo la wateja wanne kwa mkupuo, zote zinaiva kwa mkupuo, na kipanya alichonacho ni kimoja. Somo hili nimemwandikia yeye na wote wenye ugonjwa wake.

Kwa wageni wa geimu hii: imetengenezwa na Flipline Studios ya Ohio, Marekani, walewale waliotuletea Papa's Pizzeria mwaka 2007. Hii ya kifungua kinywa ilitoka 2012. Wewe ni mfanyakazi uliyeachiwa mgahawa wa Papa Louie. Wateja wanaingia, unachukua oda, unakaanga, unapamba, unatia kinywaji, unakabidhi. Kila mteja anakupa alama kwa kila hatua, na bakshishi inafuata alama hizo. Basi, hakuna zaidi. Ugumu wote umo kwenye kupanga muda.

HATUA YA 1: ODA

Mteja akiingia, usimwache asimame mlangoni. Alama ya kusubiri inaanza kushuka tangu yuko kwenye foleni. Bofya, chukua oda, karatasi yake itundike juu.

Hapa ndipo wengi wanapotea: karatasi ya oda inasomwa kutoka chini kwenda juu, jinsi chakula kinavyokaa kwenye sahani. Cha chini kabisa ndicho unachoweka kwanza. Ukiona pankeki, juu yake shira, juu yake pankeki nyingine, juu yake siagi, maana yake shira iko katikati ya pankeki mbili, si juu. Mimi nilicheza siku tatu nzima nikimwagia shira juu ya kila kitu na kujiuliza kwa nini watu wananinunia.

HATUA YA 2: BAMBA LA KUKAANGIA

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ilipo.

Vitu vya kukaanga ni vitatu: pankeki, mkate wa mayai, na wafeli, ile yenye vijumba vya mraba. Baadhi ya wateja wanataka kitu ndani ya rojo, mfano bluberi au vipande vya chokoleti. Hivyo unavinyunyiza mapema upande wa juu ukiwa bado mbichi. Ukichelewa, imekula kwako.

Kila kipande kina saa yake. Upande wa kwanza ukiiva unageuza mara moja, upande wa pili ukiiva unatoa. Mama anayekaanga chapati za maji pale kituo cha daladala anafanya hivihivi, na ukimwangalia vizuri utaona siri yake: hajazi kikaango halafu akaanza kuhangaika. Anamwaga moja, anasubiri kidogo, anamwaga ya pili. Ya kwanza ikihitaji kugeuzwa, ya pili bado. Ya pili ikihitaji kugeuzwa, ya kwanza inakaribia kutoka. Mkono wake hauna haraka kwa sababu chapati zake hazigombanii mkono.

Kwenye geimu fanya hivyo. Mteja A ana pankeki mbili: mwaga zote mbili pamoja, ni zake. Hesabu kimoyomoyo mpaka sita, ndipo umwage za mteja B. Ule mwanya wa sekunde chache ndio utakaokuokoa wakati wa kugeuza. Usipouacha, utageuza ya A kwa wakati, ya B itachelewa kidogo, ya C itakuwa kahawia, na ya D utaipeleka nyeusi ukijifanya hujaiona. Mteja ataiona.

Jambo lingine: usiondoke kwenye bamba ukiwa na kitu kinachokaribia kuiva. Nenda kwenye chumba kingine (cha oda, cha vinywaji au cha kupamba) pale tu unapokuwa umetoka kumwaga au umetoka kugeuza. Hizo ndizo dakika zako za uhuru, nazo si dakika, ni sekunde.

HATUA YA 3: KINYWAJI

Rahisi. Angalia saizi ya kikombe, aina ya kinywaji, na cha kuongeza kama sukari au barafu. Kosa pekee ninaloliona ni watu kukosea saizi kwa haraka. Fanya vinywaji wakati pankeki ziko upande wa kwanza, usingoje zitoke.

HATUA YA 4: KUPAMBA

Geimu inapima mambo mawili: je, umeweka kilichoandikwa, na je, umekisambaza vizuri. Siagi inakaa katikati kabisa. Shira unaimwaga ukizungusha mkono polepole ili ifike kila pembe isiache kisiwa kikavu. Ukimwaga huku mkono umesimama utapata dimbwi katikati, na dimbwi halina alama. Matunda ya kuhesabika, kama vipande vya ndizi, yapange kwa nafasi sawa. Vinne? Fikiria saa ya ukutani: kumi na mbili, tatu, sita, tisa.

HATUA YA 5: KUKABIDHI

Buruta karatasi ya oda ya mteja huyohuyo. Nimesema huyohuyo kwa sababu nimewahi kumpa mtu chakula cha jirani yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi niliicheza zamani kwenye kompyuta ya shule, sasa hivi nikifungua inaniambia Flash haipo. Imekufa?

Flash, ile programu iliyokuwa ikiendesha geimu za kwenye kivinjari, ndiyo iliyokufa, si geimu. Adobe, kampuni yenye Flash, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Kuna programu huria inaitwa Ruffle inayoendesha geimu za Flash bila Flash yenyewe, na tovuti kadhaa za geimu za zamani zinaitumia. Kwenye simu kuna toleo la kulipia, Papa's Pancakeria To Go. Tahadhari moja: tovuti ikikuambia "pakua Flash Player mpya ili uendelee", funga. Hakuna Flash Player mpya. Hicho ni kirusi kimevaa shati.

Swali: Bakshishi nimezikusanya, kwenye duka la ndani ya geimu ninunue nini kwanza? Nimeona mabango mazuri ya kubandika ukutani.

Mabango si urembo tu, yanasaidia wateja wasichoke upesi kusubiri. Lakini mimi ningeanza na kengele za bamba. Kengele inakuita pankeki ikifika wakati wa kugeuzwa hata ukiwa chumba kingine, kwa hiyo ile sheria yangu ya kutoondoka inalegea. Ukishazipata ndipo upambe ukuta.

Swali: Kaka, kuna wateja wa mwisho wa siku hawaridhiki hata nifanye nini. Nawachukia.

Hao ndio wakali wa kufunga siku, wameumbwa hivyo. Mkali wa siku ndiye mteja wako wa mwisho, kwa hiyo huna kisingizio. Mpe bamba lote, usimwage kitu kingine, na kwenye kupamba usikimbie. Mtu mwingine atakusamehe ndizi iliyokaa upande, yeye hapana.

Swali: Mwanangu ana miaka saba, Kiingereza bado. Ataweza?

Ataweza, dada. Oda zote ni michoro. Binti wa jirani yangu ana umri huohuo na ananishinda kwenye kupamba. Atakachohitaji ni wewe umwonyeshe mara moja kwamba karatasi inasomwa toka chini.

Swali: Sikubaliani na hatua ya 3. Mimi naanza na kinywaji kabla ya kumwaga rojo, na napata alama nzuri tu.

Ukiwa na mteja mmoja, utapata. Kinywaji hakipoi kwenye geimu, kwa hiyo hakuna hasara upande huo. Lakini bamba lako linakaa tupu muda wote unaochagua kikombe, na mteja wa pili akiingia umeshachelewa. Jaribu siku moja kwa mtindo wako na siku moja kwa wangu, linganisha alama za kusubiri tu, achana na nyingine.

Swali: Umeme ukikatika katikati ya siku napoteza kila kitu?

Unapoteza siku hiyo tu. Geimu inahifadhi siku ikifungwa. Mwaka 2013 nilikuwa kwenye kibanda cha intaneti, nimebakiza mteja mmoja, umeme ukaondoka. Mwenye kibanda akanidai saa nzima. Nikalipa, nikarudi kesho yake kumkaangia yule mteja upya, na safari hii nikamuunguzia.