Muulize anayekirudisha kikapu mezani

Wenzangu mnaouza vikapu vya ukili kwenye maonesho, msimkimbilie mnunuzi tu. Mwangalieni yule anayeshika kikapu, anakigeuza, halafu anakirudisha.

Mimi nilifunzwa hilo Sabasaba, maonesho ya biashara ya kila Julai, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Mama mmoja alirudi kwenye meza yangu mara tatu na hakununua. Mara ya tatu nikamwamkia, nikamuuliza: "Mama, kimekukwaza nini?" Akanijibu bila kusita: "Mwanangu, kizuri, ila mdomo uko wazi. Nikipanda nacho daladala, simu yangu salama? Na mikono mifupi, haifiki begani."

Nilikuwa nimehangaika na rangi miezi mizima, na hakuna aliyelalamikia rangi!

Niliporudi nyumbani nikampelekea fundi cherehani vikapu kumi. Ndani tukatia kitambaa cha kitenge, kikapanda juu ya mdomo na kufungwa kwa kamba kama mfuko. Zipu tulijaribu, ikawa inavuta ukili na kuupinda, tukaiacha. Mikono tukairefusha hadi ikae begani hata kwa aliyevaa koti. Pimeni kwa mtu, si kwa rula. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi vinatosha, gharama haiumi.

Siku hizi vikapu hivyo ndivyo vinavyoisha kwanza mezani. Nina daftari dogo, naandika maneno ya kila asiyenunua, kwa lugha yake mwenyewe, kabla sijayasahau. Mama yule sikuchukua namba yake, na bado namtafuta kila Julai.