Dirisha Lililovunjwa na Dirisha Lililovunjika

Sentensi "The window was broken" ina maana mbili, na wengi wanaojifunza Kiingereza huiona moja tu. Ya kwanza ni tukio: mtu alirusha jiwe na dirisha likavunjwa. Ya pili ni hali: tulipofika tulilikuta limevunjika, na aliyelivunja hatumzungumzii. Kiswahili hutenga kauli ya kutendwa na ya kutendeka kwa viambishi, ilhali Kiingereza hutumia "broken" ileile, mara kama kitenzi, mara kama kivumishi.

Hatua ya kwanza ni kumtafuta mtenda. Katika "The window was broken by the conductor", makanga ametajwa baada ya "by", kwa hiyo tuna kitenzi.

Hatua ya pili, ondoa "was" uweke "seemed". "She seemed worried" inakubalika, hivyo "worried" ni kivumishi. "The thief seemed arrested" haikubaliki.

Hatua ya tatu, tanguliza "very". Likikubalika, kama katika "very tired", hicho ni kivumishi. Likikataliwa, usikate shauri bado, maana "married" katika "They are married" ni kivumishi ingawa hatusemi "very married". Walimu wengi hufundisha kipimo hiki peke yake, na naona hapo ndipo wanafunzi wanapopotea.

Hatua ya nne ndiyo ninayoiamini zaidi: ingiza "being". Tuseme unapita River Road jioni na baadaye unaandika "The shop was closed at six". Ikiwa saa kumi na mbili ulimwona mwenye duka akiteremsha mlango wa chuma, unaweza kusema "was being closed", na hicho ni kitenzi. Ikiwa ulikuta kufuli limekwisha kutiwa na taa zimezimwa, "being" itaipotosha habari yako, kwa kuwa unaeleza hali.

Maswali ya wanakikundi

Swali: Mwalimu, nauli ilipopandishwa kwa sababu ya mvua niliandika "I was very surprised by the fare". Mbona "by" na "very" zimekutana?

Jibu: Vitenzi vya hisia, kama "surprise" na "frighten", huzaa vivumishi vinavyoweza kufuatwa na "by". Hapo "very" ndilo lenye uzito, na "surprised" yako ni kivumishi.

Swali: Je, nikitafsiri kwa Kiswahili kwanza, nitapata jibu daima?

Jibu: Hapana. Kwa "vunja" utafanikiwa, lakini "mlango umefungwa" hutaja tukio na hali pia, na "fungika" aghalabu humaanisha kuwa mlango unaweza kufungwa. Kwa vitenzi vya namna hiyo, rudi kwenye hatua ya nne.

Swali: Na "unopened"?

Jibu: Ni kivumishi, kwa sababu Kiingereza hakina kitenzi "to unopen". Jihadhari tu na "untied", kwani "to untie" kipo.